Bendera Sita, Mtu Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Mama Anayesomesha Watoto Nyumbani

Mama ninayemzungumzia hapa anaishi Kitengela, kaunti ya Kajiado, pamoja na mumewe na watoto watatu. Ameniruhusu kusimulia kisa chake mradi nisitaje jina lake wala kanisa lake, na umri wa watoto nimeugeuza kidogo. Kazi yangu kanisani ni ushauri wa familia, na nimeshakaa na akina mama wengi wanaosomesha watoto nyumbani. Nimechagua kisa hiki kwa sababu karibu kila namna ya kumwongezea mzigo mtu aliyekwisha kulemewa ilitumika ndani yake, na waliofanya hivyo walikuwa watu wanaompenda.

Alianza Januari 2021. Shule za Kenya zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020 kwa ajili ya korona, na katika miezi ile mama huyu aligundua kwamba kifungua mimba wake, mtoto wa miaka minane, hakuwa anajua kusoma. Alikuwa amekariri kurasa tu. Wakakaa naye mezani kila siku, na shule zilipofunguliwa kijana alikuwa anasoma Zaburi peke yake. Hakumrudisha. Yeye na mumewe waliomba, wakasoma Kumbukumbu la Torati sura ya 6, wakaona huo ndio wito wao. Akaacha kazi ya benki. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba hadithi hii ilianza kwa ujinga au kwa kuiga watu. Uamuzi ulikuwa mzuri, na kwa miaka miwili ulizaa matunda yanayoonekana.

Mtaala waliouchagua ni wa Accelerated Christian Education, ACE, ulioanzia Texas, Marekani, mwaka 1970 na unaojulikana sana na Wakristo wa Kenya wanaosomesha watoto nyumbani. Badala ya kitabu kimoja kikubwa, mtoto hupewa vijitabu viitwavyo PACE, 12 kwa kila somo kwa mwaka. Anajiwekea kurasa za siku, anajisahihisha kwa kitabu cha majibu, kisha anafanya mtihani wa kijitabu. Katika masomo mengi akipata chini ya asilimia 80 anakirudia. Kwenye darasa la ACE kila mtoto ana meza yake iliyozibwa pembeni, na akikwama hanyooshi mkono. Anasimamisha bendera ndogo. Moja humwita msimamizi, nyingine humwita msaidizi wa msimamizi.

Mama huyu alizinunua zote. Fundi akamchongea vizuizi vya plaiwudi, meza tatu zikapangwa sebuleni, kila moja na bendera zake mbili. Bendera sita, na zote zilimwita yeye.

Tulipokutana mara ya kwanza, mwaka 2024, nilimwomba tuandike kazi yake kwenye karatasi kabla ya kuzungumzia moyo wake. Masomo matano ya msingi, vijitabu 12, watoto watatu, kwa sababu mdogo wa miaka mitano naye alikuwa ameshaingizwa: vijitabu 180 kwa mwaka. Ukisomesha wiki 36, hiyo ni mitihani mitano kila wiki ya kusimamia, kusahihisha na kuingiza kwenye rekodi, mbali na kukagua kurasa za kila siku. Hapo hatujaandika uji wa asubuhi, maji ya lori yanayokuja siku isiyotarajiwa, nguo, chakula cha mchana na cha jioni. Dada wa kazi waliachana naye mshahara mmoja ulipokatika. Mumewe hutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi foleni ya Nairobi na kurudi saa mbili usiku.

Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri ili apate muda wa kusoma Neno. Analala saa tano usiku. Nikamuuliza siku yake ya kupumzika ni ipi. Akasema Jumapili. Jumapili alikuwa anafundisha watoto kanisani, ibada ya kwanza na ya pili.

Kuna jambo jingine lililomtenga na watu, nalo halizungumzwi sana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto yuko shuleni, na akipuuza anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo familia nyingi za namna hii huishi na hofu ya chifu kubisha mlango. Mama huyu hakuwaruhusu watoto kutoka nje ya geti kabla ya saa tisa alasiri, saa ambayo watoto wa shule wanaanza kuonekana njiani. Majirani hakuwaambia lolote. Hata mama mboga aliyemuuzia sukuma kila jioni alidhani watoto wanasoma shule ya mbali. Mtu anayeficha kazi yake hawezi kuomba msaada katika kazi hiyo.

Dalili zilianza polepole. Kwanza kuamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Kisha sauti za watoto zikaanza kumuumiza, hata walipokuwa wanacheka. Kisha likaja lile lililomtisha zaidi: hakuwa anahisi kitu. Alikuwa akisoma nao Biblia asubuhi kama mtu anayesoma tangazo, anawaombea na moyo uko kimya. Siku moja akiwa kwenye simu alijikuta anatafuta nauli ya basi la Malaba, mji ambao hana ndugu wala rafiki. Hakuwa na safari. Alitaka tu kujua ingegharimu kiasi gani kuwa mahali asipojulikana.

Ikafika Jumanne ya hesabu. Mtoto wa pili, wa miaka tisa, alikuwa kwenye kugawanya kwa njia ndefu, na alikuwa amesahau kushusha tarakimu. Akasimamisha bendera. Mama akaja, akamweleza, akarudi kwa mdogo. Bendera ikasimama tena, kosa ni lilelile. Akaja, akamweleza kwa sauti ya juu. Mara ya tatu alipoiona bendera ile inapanda juu ya plaiwudi, alivuka sebule na kumzaba mtoto kofi la uso. Mtoto hakulia. Alishusha bendera, akailaza mezani, akaendelea kuandika. Mama akajifungia bafuni, akafungua bomba ili wasimsikie.

Alipowaambia watu, hakuwaambia kuhusu kofi. Alisema tu amechoka. Majibu aliyopata nayaandika kama alivyonisimulia. Kiongozi wa akina mama alimwambia hiyo ni vita ya kiroho, akampangia mfungo wa siku tatu. Rafiki mmoja alimtumia ratiba ya rangi ya mama mwenye watoto saba anayeoka mikate yake mwenyewe. Mwingine alimkumbusha mwanamke wa Mithali 31, ambaye taa yake haizimiki usiku. Mumewe, kwa nia njema kabisa, alimwambia, “Mama, niambie tu nikusaidie wapi.”

Nataka kusimama kidogo kwenye majibu haya kwa sababu ndipo penye kiini cha kisa. Kila mmoja aliongeza kitu. Mfungo ni kazi kwa mwili usiolala. Ratiba mpya ni kazi, kwa sababu lazima ifuatwe na lazima ishindwe. Hata swali la mume lilikuwa kazi: ilimbidi mke aangalie kazi zote, achague moja, amweleze jinsi inavyofanywa, kisha akague kama imefanyika. Hakuna aliyeondoa kitu hata kimoja mezani. Na lugha ya imani, ambayo ingepaswa kumfungulia mlango, ilitumika kuufunga, kwa kuwa likishaitwa wito basi kulipunguza kunaonekana ni kumkatalia Mungu.

Aliyeona ukweli alikuwa mtu ambaye mama huyu alimwogopa. Mama mkwe wake alikuja kutoka Vihiga kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa nao wiki mbili. Mwalimu mstaafu wa msingi, mwanamke wa maneno machache, na tangu mwanzo hakupendezwa na wazo la wajukuu kusomea nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha pembeni siku nzima, akitazama. Jioni ya siku ya nne alimwambia mwanawe mbele ya mkewe: “Mimi nilifundisha darasa moja, na mwalimu mkuu alikuwa ofisini, na kengele ikilia nilikwenda kunywa chai. Huyu mke wako chai anainywa saa ngapi?”

Katika Kutoka sura ya 18, Yethro naye ni mkwe aliyekuja kutembelea, na kabla ya kumshauri neno alikaa akaona siku nzima, asubuhi hadi jioni, jinsi Musa alivyoketi peke yake na watu wamesimama kumngojea. Hakumshauri aombe zaidi. Musa alikuwa mtu wa maombi kuliko sisi sote. Alimwambia kazi ile ni nzito, hawezi kuifanya peke yake, na kwamba atadhoofika yeye pamoja na watu wale. Sehemu hiyo ya mwisho wahubiri wengi huipita. Watu waliokuwa wanahudumiwa walikuwa wanachoka pia. Ukitaka kujua hali ya mama, tazama mtoto aliyeshusha bendera yake bila kulia.

Mama mkwe ndiye aliyesema waende hospitali. Hili nalisisitiza kwa kila mama anayesoma: kabla ya kuuita uchovu jina lolote la kiroho au la kisaikolojia, pima damu. Yeye alikutwa na upungufu wa damu, uliotokana na hedhi nzito ambayo hakuwa amemwambia mtu. Akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma, na tatizo la hedhi likaanza kushughulikiwa. Mhudumu alimuuliza pia maswali ya kupima sonona, likiwamo lile la kama amewahi kuona ni heri asiwepo. Akanyamaza, kisha akasema kuna asubuhi anazotamani asingeamka. Jibu hilo halikupuuzwa. Alipelekwa kwa mshauri wa kisaikolojia wiki hiyohiyo, na aliendelea kumwona kwa miezi kadhaa. Kama mtu wako atakujibu hivyo, usimwachie apange miadi mwenyewe. Nenda naye.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linautaja uchovu huu wa kupindukia kuwa jambo la mahali pa kazi, lenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni, na kuona huiwezi tena kazi yako. Kwa maelezo hayo mama wa nyumbani hana nafasi, maana hana mwajiri. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, wamechunguza kwa miaka uchovu wa wazazi wenyewe, na walivyouelezea ni kama walikuwa Kitengela: kuchoka kwa ulezi, kuona wewe si mzazi uliyekuwa zamani, kukosa furaha ya kuwa na watoto, na kujitenga nao kihisia. Wameonyesha pia kwamba hali hii inakwenda pamoja na mawazo ya kutoroka na kuwapiga watoto. Nauli ya Malaba na kofi la Jumanne.

Mwaka 2021 wao na wenzao walichapisha utafiti wa nchi 42, wazazi zaidi ya 17,000. Walichokiona ni kwamba uchovu huu umeenea zaidi katika jamii ambazo kila kaya inajitegemea yenyewe kuliko zile ambazo watoto ni wa wengi, na jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko hali ya uchumi. Hapa ndipo nilipomwelewa mama huyu. Anaishi Kenya, lakini alikuwa ameondoa mikono yote ambayo Mkenya huitegemea bila kuifikiria. Mwalimu wa shule aliondoka kwa uamuzi, dada wa kazi kwa sababu ya pesa, nyanya kwa sababu ya umbali na mvutano, majirani kwa sababu ya hofu ya chifu. Alibaki anailea familia kwa namna ambayo hata mababu zake hawakuwahi kuijaribu.

Kwa hiyo mpango wetu ulikuwa na kanuni moja: hatuongezi kitu mpaka kwanza kitu kiondoke.

Mdogo aliondolewa vijitabu vyote. Miaka mitano ni umri wa kuchezea udongo na kusomewa hadithi. Wakubwa walibaki na hesabu na Kiingereza kwa muhula mmoja, basi. Hofu kubwa ya mama ilikuwa kwamba watabaki nyuma, na mama mkwe, yule mwalimu mstaafu, alimjibu kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kuona mtoto aliyeharibika kwa kukosa muhula mmoja wa maarifa ya jamii. Kuamka saa kumi kulisimama. Alisoma Biblia saa nne asubuhi, akiwa na chai, watoto wakiwa nje, na nje maana yake nje ya geti. Alikuwa amemweleza jirani ukweli, na ikabainika kwamba jirani ana dada yake anayesomesha nyumbani huko Ngong.

Shule ya Jumapili ilikuwa ngumu kuliko yote. Alipoomba kuachia, aliulizwa mbele ya wengine, “Sasa nani atafundisha watoto wa Mungu?” Namshukuru sana mke wa mchungaji, aliyesimama na kusema atafundisha yeye mpaka apatikane mtu. Kanisa lenye mtu kama huyo limebarikiwa.

Pesa ya kumrudisha dada wa kazi haikuwapo. Walichoweza ni mama fua mara mbili kwa wiki, kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kununua vijitabu vya mdogo. Nguo za watu watano kuondoka mikononi mwa mtu mwenye upungufu wa damu si jambo dogo.

Kisha mume. Tulikaa naye peke yake, nikamweleza tofauti ya kusaidia na kuchukua. Anayesaidia hungoja kuambiwa. Anayechukua, kazi ikiharibika ni yake. Akachukua mitihani: kuisimamia, kuisahihisha, kuweka rekodi, yote Jumamosi asubuhi, na siku hiyo mkewe anaondoka nyumbani baada ya staftahi hadi saa kumi jioni. Jumamosi ya kwanza alimpigia simu mara nyingi, mara kitabu cha majibu kiko wapi, mara mtoto anakula nini. Ya pili tulikubaliana mama azime simu. Watoto walikula mayai na chapati za kununua mchana na jioni, na hakuna aliyepata shida yoyote. Baada ya mwezi baba alijua kitu ambacho mama alikuwa hajakiona: kijana wa pili anajua kugawanya vizuri kabisa akipewa karatasi ya mistari miraba. Alikuwa anapoteza tarakimu kwa sababu ya mwandiko.

Familia nyingine mbili za eneo hilo wakaungana nao kila Jumatano. Mama mmoja, aliyesomea maabara, anafundisha sayansi watoto wote wakubwa, na mama wetu anawasomea wadogo hadithi, jambo analolipenda tangu zamani. Jumatano akawa anarudi nyumbani akiwa na nguvu.

Lililozua mjadala ni la kifungua mimba. Kijana mwenyewe, miaka 12, alimwambia bibi yake kwamba anataka kucheza mpira na timu yenye jezi. Wazazi hawakuwahi kumuuliza. Baada ya wiki za maombi na machozi, walimpeleka shule ya karibu, akapimwa na kupokewa Gredi ya 6. Mama alilia kama aliyefiwa. Baadhi ya wenzake walimwona ameshindwa, na mmoja aliacha kumjibu ujumbe. Sikubaliani nao hata kidogo. Torati inamtaka mzazi awafundishe wanawe aketipo nyumbani na atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Mtoto anayerudi saa kumi jioni bado ana nyumba, njia, na kitanda. Wala siungi mkono wale wa upande wa pili waliomwambia, “Si tulikuambia?” Watoto wawili bado wanasomea nyumbani, na wanasoma vizuri.

Haikwenda moja kwa moja. Muhula wa pili, vidonge vilipomwongezea nguvu, alirudisha masomo yote matano kwa wiki moja bila kumwambia mtu, na saa kumi alfajiri ikarudi. Mume ndiye aliyeona, kwa sababu sasa rekodi za mitihani ziko kwake na mitihani iliongezeka ghafla. Akayaondoa mawili.

Kuhusu kofi, alimwomba mtoto msamaha wiki ileile aliyotoka hospitali, akiwa amepiga magoti ili macho yao yalingane. Alitaja alichofanya, hakukitetea kwa uchovu wake. Mtoto alisema ni sawa, kama watoto wanavyosema. Lakini hesabu aliendelea kumpelekea baba kwa miezi. Nilimshauri asimlazimishe, na bendera zikaondolewa mezani zote sita. Sasa mtoto akikwama anaita, “Mama, njoo uone,” na kama mama ana kazi anamjibu ngoja, na mtoto anangoja.

Kila mwisho wa muhula yeye na mumewe hukaa na karatasi ileile ya kazi, wanaandika kipi kibaki. Uamuzi kuhusu mtoto wa pili bado haujafanywa. Wamekubaliana jambo moja kwa maandishi, na mama mkwe ana nakala: siku mama akianza kuamka amechoka wiki mbili mfululizo, kipimo cha damu kinafanywa siku inayofuata, na kama damu iko sawa, kijana ataanza shule muhula unaofuata, na hakutakuwa na kikao kingine cha kulijadili.